Risasi Nzito au Nyepesi? Uzito Ulioandikwa Boksini na Uzito Unaofika

Weka maboksi mawili ya risasi za .30-06, moja ya kaliba za bunduki ndefu za kuwindia, juu ya meza. Zote zinaingia bunduki moja, maganda ni yaleyale, na ukitazama juujuu huoni tofauti. Lakini ubavuni mwa boksi moja pameandikwa 150, na kwenye la pili 180. Mwenye duka ukimuuliza atakwambia, "Hii nyepesi inakwenda mbio, hii nzito inapiga kwa nguvu." Hajadanganya, ila jibu lake limeacha nje karibu kila kitu anachopaswa kukijua mwindaji kabla hajamwelekezea mnyama mtutu.

Tuanze na neno lenyewe, maana Kiswahili kimetutegea hapa. Risasi ni yale madini mazito ya kijivu ambayo mvuvi hutengenezea chubwi. Risasi pia ni kitu kizima unachopakia bundukini, ganda na baruti na vyote. Tena risasi ni kile kipande kinachotoka mtutuni na kumfikia mnyama. Namba 150 na 180 zinahusu hicho cha tatu peke yake, nami hapa nitakiita kichwa. Wapo wanaodhani ni kipimo cha baruti, sicho. Ni greni, kipimo cha kale cha Waingereza kilichotokana na punje ya shayiri. Ratili moja ni greni 7,000, na gramu moja ni greni 15.4. Kichwa cha greni 180 ukikiweka kwenye mizani ya sonara kitasoma gramu 11.7 hivi, na cha greni 150 gramu 9.7. Wanabishana watu usiku kucha kambini kwa ajili ya gramu mbili, uzito wa pete nyembamba.

Gramu mbili hizo zinabadilisha nini? Kwa risasi za kawaida za kiwandani, kichwa cha greni 150 hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita 884 kwa sekunde, cha 180 kwa mita 823, na cha 220, ambacho siku hizi ni adimu, kwa mita 730 hivi. Piga hesabu ya nishati: nusu ya uzito, mara mwendo kipeo cha pili. Utapata jouli 3,800 kwa cha kwanza, 3,950 kwa cha pili, na 3,800 tena kwa cha tatu. Ni kitu kilekile. Baruti iliyomo kwenye ganda ni kama pesa ya sokoni: unaweza kuinunulia mwendo au kuinunulia uzito, lakini vyote viwili haitoshi. Kwa hiyo ile namba ya nishati, ambayo viwanda hupenda kuichapa kwa herufi nene, haitusaidii kuchagua kati ya uzito huu na ule wa bunduki hiyohiyo.

Tofauti huanzia ngozini. Nani hajapiga kofi maji ya bahari utotoni? Ukiuzamisha mkono polepole, maji yanakupisha. Ukiyapiga kwa nguvu, yanakuuma kama ubao. Mwili wa mnyama kwa sehemu kubwa ni maji, na maji hukipinga kitu kwa nguvu inayokua kwa mraba wa mwendo. Kichwa chepesi kinachofika kwa mbio hukumbana na breki kali pale pale kwenye inchi za kwanza: kinafunguka haraka, kinamwaga nguvu zake karibu na ngozi, na kama hakikutengenezwa vizuri kinavunjika vipandevipande. Kichwa kizito cha upana uleule kinafika na mwendo mdogo, kinapata upinzani mdogo, na nyuma ya ncha yake kuna uzito zaidi wa kukisukuma. Kinakwenda mbali.

Waswidi wameliweka jambo hili kwenye kanuni zao za uwindaji kwa namna ninayoipenda. Kwa wanyama wao wakubwa, akiwemo yule kulungu mkubwa wa kaskazini mwenye uzito wa ng'ombe dume, kichwa cha gramu 9 kinapaswa kuwa bado na jouli 2,700 kikiwa mita 100 kutoka mtutuni. Kikiwa na gramu 10 au zaidi, jouli 2,000 zinatosha. Gramu moja ya uzito imesamehewa jouli 700. Waliotunga kanuni hiyo walikuwa na mashuhuda wengi wa porini, na kaliba yao (yaani aina ya risasi kwa upana wake) ya zamani ya 6.5x55, yenye kichwa kirefu chembamba cha greni 160, ilikuwa imeshawaangusha kulungu hao kwa vizazi kadhaa bila mbio za kutisha wala teke la kuvunja bega.

Kirefu na chembamba, hapo ndipo penyewe. Mkuki huingia kwa sababu uzito wote wa mpini umepanga foleni nyuma ya ncha ndogo. Chukua chuma cha uzito uleule ukifinyange kiwe tufe, utamvunja mnyama mbavu lakini hutamtoboa. Wahandisi wa risasi hupima jambo hili kwa kugawanya uzito wa kichwa, kwa ratili, kwa mraba wa upana wake, kwa inchi. Namba ikiwa kubwa, kichwa kinapenya zaidi. Greni 150 za kaliba ya .30 zinatoa 0.226, na greni 180 zinatoa 0.271. Kichwa cha greni 300 cha .375 H&H, ile kaliba ya mwaka 1912 iliyozoeleka mno katika mapori ya Afrika Mashariki, kinatoa 0.305.

Sasa sikia hili. Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, mwanzoni mwa karne iliyopita, Mskoti mmoja aitwaye W.D.M. Bell aliwinda tembo kwa biashara ya pembe. Katika maisha yake aliua zaidi ya 1,000, na wengi wao kwa bunduki ndogo ya 7x57, ambayo Waingereza waliiita .275 Rigby. Kichwa chake kilikuwa cha greni 173, kimefunikwa chuma kitupu, ncha ya duara. Ukipiga ile hesabu ya uzito kwa upana unapata 0.306, yaani sawasawa na .375 ya greni 300, kwa bunduki ambayo hata kijana mwembamba anaipiga bila kuyumba. Kichwa hicho hakifunguki wala hakipindi njia. Bell alikuwa amepasua fuvu la tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi, na akajifunza kuupata kutoka kila pembe. Chombo chake hakikuwa na nguvu ya kumzubaisha tembo akimkosa. Kilikuwa na uwezo wa kufika tu, na yeye alijua pa kufikia.

Simtaji Bell ili aigwe. Tanzania leo, kwa wanyama wa hatari kama tembo, nyati na simba, kaliba ya chini inayoruhusiwa ni .375, na sababu yake ni kwamba si kila mwenye leseni amepasua fuvu kwa msumeno. Nimemtaja kwa sababu hadithi yake husimuliwa kichwa chini miguu juu. Watu husema, "Bell alitumia risasi ndogo." Ukweli ni kwamba alitumia kaliba ndogo yenye kichwa kizito mno kwa kipimo chake.

Kichwa kilichookotwa

Mchunaji anapofika ngozi ya upande wa pili, mara nyingine kidole chake hukuta uvimbe mgumu kama punje ya hindi. Anapasua kwa ncha ya kisu, na kinadondoka kitu kilichofanana na uyoga: shaba imejikunja nyuma kama maganda ya ndizi, katikati madini ya kijivu yamesagika. Hicho kipande usikitupe. Kioshe damu, ukipime. Kama kilitoka boksini na greni 180 na sasa kina 165, umeshajua unachokimiliki. Kama kimebaki na 90, basi nusu ya kile ulichokinunua haikuwahi kufika; ilibaki kwenye bega kama vumbi na vipande, na sehemu ya nyama hiyo itaishia kwa mbwa.

Jambo hilo lilimpata Mmarekani John Nosler mwaka 1946 huko British Columbia, Kanada. Alimpiga yule kulungu mkubwa wa kaskazini, aliyekuwa amejipaka tope lililokauka, kwa .300 H&H, kaliba ya mbio sana kwa zama hizo. Vichwa vilipasuka juujuu kwenye bega badala ya kuingia ndani, na mnyama akasimama tu. Nosler akarudi nyumbani akatengeneza kichwa chenye ukuta wa shaba katikati: nusu ya mbele ifunguke na kuumiza, nusu ya nyuma ibaki nzima na kusukuma. Kufikia 1948 alikuwa anakiuza, na mpaka leo kinauzwa kwa jina la Partition.

Funzo la Nosler lilibadilisha maana ya namba iliyoko boksini. Kabla yake, uzito ulikuwa bima. Ulichukua kichwa kizito ili hata kikipoteza nusu, kilichobaki kitoshe kufika moyoni. Kichwa kilichotengenezwa vizuri hakihitaji bima hiyo. Greni 150 zinazobaki 140 zinafika mbali kuliko greni 180 zinazobaki 90, na hapo mwenye duka wetu na kauli yake ya "nzito inapiga kwa nguvu" anaanza kukuna kichwa. Mimi nikiulizwa uzito, kwanza huuliza umbile: kichwa ni laini cha kawaida, kimefungwa kisivunjike, au ni cha shaba tupu? Bila jibu hilo, namba ni nusu ya habari.

Risasi isiyo na risasi

Hiyo shaba tupu ina hadithi yake. Vipande vya madini ya risasi vinavyobaki kwenye matumbo yaliyotupwa porini huliwa na ndege wala mizoga na kuwaua kwa sumu, na jimbo la California, lenye tai wake adimu aitwaye kondo, limepiga marufuku risasi za madini hayo kwa uwindaji wote tangu tarehe 1 Julai 2019. Vichwa vya shaba tupu havina kiini cha kusagika. Vikifunguka vinatoa petali nne au sita na kubaki na karibu uzito wake wote. Kwa hiyo wengi hushuka ngazi moja: aliyezoea 180 ya zamani huchukua 165 au 150 ya shaba, na hapotezi kitu.

Kuna mtego, lakini. Shaba ni nyepesi kuliko risasi: sentimita moja ya ujazo ina gramu 8.9, dhidi ya 11.3. Kichwa cha shaba cha greni 180 kitakuwa kirefu kuliko mwenzake, na urefu ndio unaoamua kama mtutu wako unaweza kukizungusha vya kutosha. Ndani ya mtutu mna mifereji iliyojisokota, inayokifanya kichwa kizunguke kama pia ya watoto ili kisipinduke hewani. Kadiri pia inavyokuwa ndefu, ndivyo inavyohitaji kuzungushwa kwa kasi. Mwingereza George Greenhill aliitolea hesabu mwaka 1879, na bado inatumika kwa makadirio ya haraka. Bunduki za .30-06 kwa kawaida husokota mzunguko mmoja kwa kila inchi 10, na hazibagui sana. Ile 7x57 ya Bell ilisokota mzunguko mmoja kwa milimita 220, kwa sababu iliundwa tangu mwanzo kwa vichwa virefu vya greni 173. Lakini .22-250, inayotengenezwa mara nyingi kwa mzunguko mmoja kwa inchi 14, ukiipa kichwa kirefu inakitema kama jiwe la manati. Utajua kwenye karatasi ya shabaha: badala ya tundu la duara utaona tundu refu, kichwa kimepita ubavuubavu. Bunduki ya namna hiyo usiilazimishe. Rudi kwenye kichwa kifupi.

Mnyama gani, na amesimamaje

Kenya ilifunga uwindaji mwaka 1977, na mjadala huu kwao ni wa vitabuni. Tanzania wenyeji wenye leseni na watalii wanawinda kwa vibali, na orodha ya wanyama wa kuruhusiwa ni ndefu kiasi kwamba hakuna uzito mmoja wa kuwatosha wote. Digidigi ana kilo 5. Swala pala dume ana kilo 60 hivi. Nyati dume anapita kilo 600 kwa urahisi, na pofu dume anaweza kuwa mzito kumzidi.

Kwa swala pala aliyesimama ubavu, kutoka ngozi hadi ngozi ni kama upana wa viganja viwili. Kichwa cha greni 150 cha kawaida, kisicho cha kifahari, kinatosha na kubaki. Tena hapa kizito na kigumu kinaweza kukukosesha: kinapita kabla hakijafunguka, kinaacha tundu dogo, na mnyama anakimbia mita 200 na damu kidogo. Chepesi chenye mbio nyingi nacho kina adhabu yake. Kikigonga bega, nyama yote iliyolizunguka inavilia damu na kuwa kama ini. Anayewinda kitoweo aulize wachinjaji wake ni kilo ngapi zimetupwa. Binafsi ningepiga nyuma ya bega kwa mwendo wa wastani nikabaki na miguu yote minne, na pia nikawaachia wenzangu Waislamu nafasi ya kumkuta mnyama bado anapumua, wamchinje.

Nyati ni habari nyingine, na kinachokulazimisha kuchukua uzito si ngozi yake peke yake. Ni namna anavyosimama. Akikaa mshazari, kichwa chako kinatakiwa kuingia nyuma ya mbavu na kusafiri kwenda bega la mbele la upande wa pili, na njiani kuna tumbo. Tumbo la mnyama anayecheua, limejaa majani mabichi yaliyotafunwa, linasimamisha risasi kama gunia la mchanga. Hapo ndipo greni 300 za .375 zinapostahili sifa zake, au greni 400 za .416 Rigby, au 500 za .458. Mwindaji bingwa anayeongoza wageni mara nyingi atamtaka mgeni apakie ya kwanza laini inayofunguka, na zinazofuata ngumu zisizofunguka, kwa sababu nyati akishajeruhiwa hukuonyesha mgongo au uso, na kutoka pembe zote mbili safari ya kwenda moyoni ni ndefu. Kwa nini asipakie ngumu zote? Kwa sababu nyati huwa kundini. Risasi ngumu humpita mmoja ikamjeruhi wa nyuma yake, na sasa una nyati wawili wa kufuatilia kwenye majani marefu badala ya mmoja.

Wapo wanaochagua kichwa chepesi wakihofia kuporomoka kwa risasi mbali. Hofu hii imetoka nchi za milima na nyika tupu. Ukisawazisha .30-06 ipige kati kwenye mita 180, basi ukifika mita 270 greni 180 inakuwa chini ya greni 150 kwa sentimita chache tu, upana wa vidole viwili. Katika misitu ya miombo, ambako wengi hupiga chini ya mita 100, vidole hivyo viwili havipo kabisa. Wapo pia wanaochukua kizito wakiamini kitapasua vichaka bila kupinda. Hakuna kichwa kinachookolewa na kaliba yake mbele ya tawi. Vyote vinapotea njia, kizito pengine pungufu kidogo tu kuliko chepesi, tena kwa bahati. Subiri mnyama atoke kwenye uwazi.

Kinachopuuzwa zaidi ni bega la mpigaji. Kila greni unayoongeza inarudi kama teke. Mtu akishapigwa teke mara tano, mwili wake hujifunza kushtuka kabla ya risasi kutoka: macho yanafumba, kidole kinavuta kwa pupa, mtutu unainama. Mwenyewe hajui, maana kishindo kinaficha kosa. Mpe bunduki mwenzako akupakilie, mara risasi, mara ganda tupu, bila kukwambia. Ukivuta kwenye ganda tupu na mtutu ukazama kama mtu anayesinzia, umepata jibu. Anayeshtuka hivyo, greni 150 zinamfaa kuliko 220, na hata mtu wa .375 anaweza kuanza na greni 270. Greni ulizoziacha dukani hazimjeruhi mnyama. Zilizompata tumboni kwa sababu ulifumba macho ndizo zinazomtesa.

Bastola

Kwetu bastola humilikiwa kwa kujilinda, si kwa kuwinda. Marekani, na kwa kiasi Afrika Kusini, kuwinda kwa bastola ni mchezo wenye mapenzi yake na sheria zake, na suala la uzito huko hugeuka karibu juu chini.

Tazama namba. Rivolva (bastola yenye silinda ya matundu inayozunguka) ya .44 Magnum, kaliba iliyotoka mwaka 1955 baada ya miaka mingi ya ubishi wa mfugaji na mwandishi wa Idaho aitwaye Elmer Keith, hurusha greni 240 kwa mita 410 kwa sekunde hivi. Hiyo ni jouli 1,300, theluthi ya .30-06. Kichwa cha bunduki ndefu kikipita mwilini kwa zaidi ya mita 700 kwa sekunde, kinasukuma nyama pembeni kwa ghafla kiasi kwamba inachanika hata pale ambapo hakikugusa. Kwa mita 400 kwa sekunde nyama inasukumwa, inanyumbuka, na kurudi mahali pake. Kinachobaki ni tundu lenyewe. Kwa hiyo mwenye bastola hana mbio za kununua. Ana vitu viwili tu vya kuamua, tundu liwe pana kiasi gani na liwe refu kiasi gani.

Upana anaupata kwa kaliba na kwa ncha bapa. Keith alipigania vichwa vya risasi iliyochanganywa na madini mengine ili iwe ngumu, vyenye uso wa mbele uliokatwa kama kizibo, kwa sababu ncha ya duara huiteleza nyama pembeni ilhali ncha bapa huikata. Urefu anaupata kwa uzito. Kwa kulungu wa kilo 60 au 70, greni 240 zenye ncha laini zinatosha, tena zikifunguka ni bora. Kwa nguruwe pori dume mwenye ngao ya gegedu mabegani, au kwa dubu, wanaojua hupanda hadi greni 300 ngumu zisizofunguka: hesabu ya uzito kwa upana inapanda kutoka 0.186 hadi 0.233, na mwendo unaopungua haumkoseshi kitu, kwani mwendo huo tangu mwanzo haukuwa ukifanya kazi kubwa. Kwa .357 Magnum, ya mwaka 1935, ni vivyo hivyo kwa kimo chake. Greni 125 ni za kujilinda, hufunguka mapema na kuishia njiani. 158 ni za kati. 180 ndizo za porini, kwa mnyama mdogo, karibu, na kwa mkono uliotulia.

Lipo kundi la pili, la bastola za risasi moja kama Contender ya Thompson/Center iliyoanza kuuzwa 1967, ambazo hupokea risasi za bunduki ndefu. Wenye hizi huangukia kosa la kinyume. Wanachukua kichwa kizito kigumu kilichosanifiwa kufunguka kwa mwendo wa mtutu wa sentimita 60, wanakirusha kwa mtutu wa 35, na kinapita kwa mnyama kama sindano. Kwao chepesi na laini ndicho sahihi, kwa sababu lazima kifunguke kwa mwendo uliopo.

Rivolva ina vituko vyake viwili ambavyo huwashangaza hata wazoefu wa bunduki ndefu. Cha kwanza: ukibadili kutoka greni 240 kwenda 300, kwenye karatasi ya mita 25 risasi nzito hupiga juu, si chini. Akili inakataa, lakini sababu ni rahisi. Bastola huanza kuinuka mkononi tangu kichwa kikiwa bado mtutuni, na kichwa kizito, kwa kuwa kinatoka polepole, hutoka wakati mtutu umeshapanda zaidi. Mwenye kubadili uzito bila kugusa kilengeo chake atampiga mnyama juu ya uti wa mgongo.

Cha pili ni kibaya zaidi, maana hakionekani mpaka unapokihitaji. Teke la risasi nzito huivuta rivolva nyuma kwa nguvu, na risasi zinazosubiri kwenye matundu mengine hurudi pamoja nayo. Lakini vichwa vyake hung'ang'ania pale pale kwa uzito wao na kuchomoka kidogokidogo kutoka kwenye maganda. Kichwa kimoja kikichomoka vya kutosha, kinatokeza mbele ya silinda, silinda inagoma kuzunguka, na umeshika chuma cha kilo moja na nusu mbele ya nguruwe aliyekasirika. Upimaji wake hauhitaji maabara. Pakia sita, weka alama moja kwenye ya sita na pima urefu wake kwa venia, kile kipimo cha fundi cha sehemu za milimita. Piga tano. Toa ya sita, uipime tena. Ikiwa imerefuka hata nusu milimita, boksi hilo si la bastola hiyo.